Volteji Mbili kwa Jina Moja: Historia ya Adapta ya Umeme na Pengo la Istilahi katika Kiswahili cha Vifaa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya adapta ya umeme inayochomekwa ukutani na kutoa volteji mbili kwa wakati mmoja, tangu vifaa vilivyochukua nafasi ya betri za redio katika miaka ya 1920 hadi chaja za USB-C za leo. Hoja inayojengwa ni kwamba adapta hiyo haikosekani madukani kwa sababu za kiufundi pekee. Inakosekana pia kwa kuwa haina jina lake. Maneno "volteji mbili" yanabeba dhana tatu tofauti, na mnunuzi anayeyatumia hupewa kifaa ambacho hakukikusudia. Makala yanaonyesha pia kwamba wasemaji wa Kiswahili waliwahi kuwa na namna yao ya kuhesabu volteji, namna iliyodhoofika pale neno "chaja" lilipoenea.

Utangulizi

Mwanafunzi wa elektroniki anayeunda kifaa cha kumwagilia bustani huhitaji umeme wa aina mbili. Kidhibiti kidogo kama Arduino, pamoja na vihisi vya unyevu wa udongo, hutumia volti 5. Pampu ndogo inayosukuma maji hutumia volti 12. Hivyo hivyo kwa anayetengeneza kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa kadi, au kizimba cha kutotoleshea mayai chenye feni. Sehemu inayofikiri hutaka volti chache, sehemu inayofanya kazi hutaka nyingi zaidi. Njia nyepesi kuliko zote ingekuwa kununua adapta moja inayotoa volteji zote mbili kwa pamoja na kuichomeka ukutani.

Mwanafunzi huyo akifika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi akaomba "adapta ya volteji mbili", yamkini atapewa kimojawapo kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni chaja iliyoandikwa 100–240V, inayoweza kupokea umeme wa Marekani na wa Afrika Mashariki vilevile. Cha pili ni adapta yenye swichi ya kuchagulia volteji. Cha tatu ni kile kichwa cha kubadilishia pini za plagi, ambacho hakigusi volteji hata kidogo. Alichokitaka yeye hakimo. Wala muuzaji hajakosea: kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina haki fulani ya kuitwa kwa jina aliloombwa.

Tatizo hilo huchukuliwa kuwa la mafundi na wafanyabiashara. Makala haya yanalichukulia kuwa la kihistoria na la kiisimu. Ili kuona jinsi jina moja lilivyokuja kubebeshwa vitu vingi, ni lazima kurudi nyuma hadi wakati ambapo umeme wa vifaa vidogo haukutoka ukutani kabisa.

Betri tatu za redio moja

Redio za valvu za mwanzoni mwa miaka ya 1920 zilihitaji volteji kadhaa kwa wakati mmoja. Huko Amerika Kaskazini zilikuwa zikitambuliwa kwa herufi. Betri A, yenye volti chache lakini mkondo mkubwa, ilipasha moto nyuzi za ndani ya valvu. Betri B, ya volti 45 au 90 au zaidi, ililisha bamba za valvu. Betri C, ndogo kuliko zote, iliweka valvu katika hali yake sahihi ya kazi. Betri A mara nyingi ilikuwa ya risasi na asidi kama ya gari, na kuiweka sebuleni juu ya zulia hakukumfurahisha mtu yeyote. Betri B nazo zilikuwa ghali na ziliisha.

Kwa hiyo zikaja mashine za kuchukua umeme wa ukutani na kuugawa katika volteji hizo zote. Mwaka 1925 Edward Rogers wa Toronto, Kanada, alitoa redio iliyofanya kazi bila betri, kwa kutumia valvu zilizostahimili mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde kama ule wa majumbani. Nchini Marekani, kampuni ya Philco, ambayo jina lake lilitokana na biashara yake ya awali ya betri mjini Philadelphia, iliuza vifaa vya kuilisha redio kutoka kwenye soketi. Kampuni iliyoishi kwa betri ikawa inawasaidia wateja wake kuachana nazo.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni jina. Kwa Kiingereza vifaa hivyo viliitwa kwa kile vilichokiondoa: viondoa-betri. Hadi leo madukani India adapta ya kawaida inaweza kuuzwa kwa jina hilohilo, ingawa wanunuzi wengi hawajawahi kuiona betri iliyoondolewa. Jina halikusema kifaa kinatoa nini, lakini halikuhitaji kusema. Kila mwenye redio alijua A ni nini na B ni nini. Kifaa chenye matokeo kadhaa kwa pamoja kilikuwa jambo la kawaida, wala si bidhaa ya pekee.

Mawe manne, mawe sita

Transista iliubadilisha mpango huo. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa umma, Regency TR-1 ya mwaka 1954, ilitumia betri moja ndogo ya volti 22.5. Redio zilizofuata zilishuka hadi volti 9, 6 na hata 3, zote zikitoka kwenye mafungu ya betri kavu. Volteji tatu za redio ya valvu zikawa moja.

Hii ndiyo redio iliyoingia vijijini Afrika Mashariki. Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda cha Matsushita kilichotengeneza betri kavu na redio za National, na jina National likawa karibu sawa na neno betri kwa kizazi kizima. Katika Kiswahili, hasa cha Kenya, betri kavu ziliitwa pia "mawe": mawe ya redio, mawe ya tochi. Sitiari hiyo imeelezwa mara nyingi kuwa ya kuchekesha, lakini haijapewa uzito unaostahili. Kila jiwe la kawaida lina volti 1.5. Redio ya mawe mawili ni ya volti 3, ya mawe manne ni ya volti 6, ya mawe sita ni ya volti 9, na ile kubwa ya mawe manane ni ya volti 12. Aliyesema "redio yangu ni ya mawe sita" alitaja volteji bila kulijua neno volti, na alikuwa sahihi kabisa.

Ulinganifu huo haukuwa wa bahati. Adapta zilizokuja kuchukua nafasi ya mawe zilifuata hesabu ileile. Zile zenye swichi ya kuchagulia, ambazo bado zinauzwa, huwa na alama 3, 4.5, 6, 7.5, 9 na 12. Mfululizo huo haueleweki kwa mtu asiyejua asili yake. Kwa anayehesabu mawe ni mbili, tatu, nne, tano, sita na nane. Swichi ya adapta ni sanduku la betri lililogeuzwa kuwa kitufe.

Adapta hizo zilikuwa na udhaifu wake. Ndani yake mlikuwa na transfoma ndogo yenye kiini cha chuma, daiodi za kunyoosha mkondo na kapasita ya kuutuliza. Nyingi hazikuwa na kidhibiti volteji, hivyo adapta iliyoandikwa volti 9 ingeweza kutoa 12 au zaidi pale ambapo kifaa kilichounganishwa kilivuta mkondo mdogo. Redio ilivumilia. Saketi za kidijitali hazikuvumilia, na hapo ndipo historia inapogeuka tena.

Kwa nini tano, kwa nini kumi na mbili

Mwaka 1964 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza familia ya saketi za mantiki ambazo baadaye zilijulikana kwa namba zake zinazoanza na 74. Zilitaka volti 5, na zilitaka volti 5 kwelikweli, kwa tofauti isiyozidi asilimia tano kwa zile za kawaida. Kwa kuwa familia hiyo ilitumiwa na karibu kila mtengenezaji, volti 5 ikawa lugha ya pamoja ya kompyuta. Volti 12 ilikuwa na ukoo mwingine. Ilitoka kwenye betri ya gari, yenye seli sita za risasi za takriban volti 2 kila moja, ambayo watengenezaji wa magari wa Marekani waliihamia kutoka volti 6 katika miaka ya 1950. Mota, rilei na taa nyingi zilikwisha kutengenezwa kwa ajili yake.

Kompyuta ndogo ilikutanisha koo hizo mbili ndani ya kasha moja. Kiendeshi cha flopi cha inchi 5.25 kilichotolewa na Shugart mwaka 1976 kilitaka volti 5 kwa saketi zake na volti 12 kwa mota yake. Kiunganishi chenye pini nne kilichobeba umeme huo kilipata rangi zinazotambulika mpaka sasa na yeyote aliyewahi kufungua kompyuta ya mezani: nyekundu kwa 5, njano kwa 12, na nyeusi mbili kwa waya wa rejeo. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 na ile ya IBM ya mwaka 1981 zilikuwa na ugavi wa umeme wa ndani uliotoa volteji nne, mbili chanya na mbili hasi.

Lakini kuweka transfoma ndani ya kasha kulikuwa na gharama: joto, uzito, na kanuni za usalama zinazohusu umeme wa ukutani. Watengenezaji wa kompyuta za bei nafuu za nyumbani waliona afadhali kuutoa nje. Mfano mashuhuri ni Commodore 64 ya mwaka 1982. Adapta yake iliyokaa sakafuni kama tofali ilitoa volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu kwa pamoja, kupitia kiunganishi cha duara. Mkondo geu ule ulitumika ndani ya kompyuta kuzalisha volteji nyingine, ikiwamo 12 iliyohitajiwa na chipu yake ya sauti. Ilikuwa adapta ya volteji mbili kwa maana halisi, iliyoingia katika mamilioni ya nyumba.

Nayo ilikuwa na kasoro ambayo wakusanyaji wa kompyuta za zamani wanaizungumzia mpaka leo. Adapta nyingi za aina hiyo zilijazwa gundi ngumu iliyozuia joto kutoka na fundi kuingia. Kidhibiti cha volti 5 kilipochoka, mara nyingi hakikuzima, volteji ilipanda. Chipu za kumbukumbu ndizo zilizoungua kwanza. Kwa mtu wa kawaida adapta ilikuwa bado "inafanya kazi", kwa sababu taa iliwaka. Hakuna neno katika lugha ya mauzo, si la Kiingereza wala la Kiswahili, lililotofautisha adapta inayotoa umeme na adapta inayotoa umeme sahihi.

Kipindi cha diski za nje

Aina ya adapta ambayo mwanafunzi wa leo anaitafuta ilipata soko kubwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Diski ngumu za inchi 3.5 zilihitaji volti 5 na 12 kama flopi za zamani. Zilipoanza kuuzwa katika makasha ya nje yaliyounganishwa kwa USB, kila kasha lilikuja na adapta yake. Lebo ya kawaida ilisomeka volti 12 kwa ampea 2 na volti 5 kwa ampea 2, jumla wati 34. Kwa mpenzi wa elektroniki hiyo ilikuwa zawadi, kwani diski iliyokufa ilimwachia chanzo cha umeme kilichotosheleza karibu kila jaribio.

Zawadi hiyo ilikuwa na miiba miwili. Wa kwanza ni kiunganishi. Makasha yalitumia viunganishi vya duara vyenye pini nne, tano au sita, na mpangilio wa pini haukuwa na kiwango kimoja. Adapta mbili zilizofanana kwa sura na kwa maandishi ya lebo zingeweza kuwa zimebadilishana nafasi za 5 na 12. Aliyechomeka isiyo yake alipeleka volti 12 kwenye saketi ya volti 5, na data zilizokuwamo zikaenda nayo. Wa pili umefichika zaidi. Adapta hizi hazikuwa tena za transfoma nzito. Zilikuwa za kukatakata umeme kwa kasi kubwa na kuupitisha katika transfoma ndogo yenye koili mbili za kutolea. Katika miundo mingi ya bei nafuu saketi ya udhibiti hukagua tokeo moja tu, mara nyingi lile la volti 5, na tokeo la pili hufuata kwa makisio. Mwanafunzi akivuta mkondo mkubwa upande wa 12 na kuacha upande wa 5 karibu mtupu, volteji ya 12 hushuka. Lebo haisemi lolote juu ya hilo.

Jinsi zilivyotoweka

Adapta ya matokeo mawili haikufutwa na uamuzi wa mtu yeyote. Ilinyauka kwa sababu vifaa vilijifunza kujitengenezea volteji ya pili. Ishara ya mapema ilikuwa chipu ya MAX232, iliyotolewa na kampuni ya Maxim mwaka 1987: kwa volti 5 pekee na kapasita chache ilizalisha volteji chanya na hasi za kutosha mawasiliano ya waya kati ya kompyuta, kazi ambayo awali ilidai ugavi wa volti 12 chanya na hasi. Baadaye chipu za kushusha volteji kwa kukatakata zikawa rahisi kiasi kwamba kasha la diski liliweza kupokea volti 12 tu na kujishushia 5 ndani. Adapta ya tokeo moja ni nafuu zaidi, na ile ya ruta au ya kamera ya ulinzi inaweza kutumika badala yake.

Hesabu inaeleza kwa nini hilo halikutokea mapema. Kushusha volti 12 hadi 5 kwa kidhibiti cha zamani, tuseme kile maarufu cha namba 7805, kunapoteza wati 7 kwa kila ampea. Kwa mkondo wa ampea 1 hizo ni wati 7 za joto ili kupata wati 5 za kazi. Moduli ya kushusha kwa kukatakata yenye ufanisi wa asilimia 80 hupoteza wati 1.25 tu kwa kazi ileile. Moduli za aina hiyo, hasa zile zenye chipu ya LM2596, sasa zimejaa katika maduka ya vipuri, na kwa mwanafunzi wa bustani jibu la busara leo ni adapta ya volti 12 pamoja na moduli moja. Akiamua badala yake kutumia adapta mbili, moja ya 5 na nyingine ya 12, inampasa aunganishe nyaya zake za rejeo. Bila hivyo ishara ya kidhibiti inayoendesha pampu kupitia transista haina pa kurejelea.

Serikali nazo zilichangia. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, walionyesha ni kiasi gani cha umeme kinapotea katika vifaa vilivyochomekwa bila kutumika. California ilitunga masharti ya ufanisi wa adapta katikati ya miaka ya 2000, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2009. Masharti hayo yalizimaliza adapta za transfoma nzito. Adapta za matokeo mengi ziliguswa baadaye: Marekani iliziwekea viwango vyake mwaka 2016, na Ulaya mwaka 2020. Ili kuziwekea viwango, wanasheria walilazimika kwanza kuzipa fasili: kifaa kinachotoa volteji zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Maneno "kwa wakati mmoja" ndiyo yaliyoitenga na adapta ya swichi. Fasili hiyo fupi ya kisheria ilifanya kazi ambayo maneno ya dukani hayajawahi kuifanya.

Eneo moja limebaki ambako volteji mbili bado hutoka katika kifaa kimoja, nalo halimo ukutani. Visanduku vya mifumo midogo ya sola inayotumika vijijini Kenya, Tanzania na Uganda mara nyingi huwa na tundu za volti 12 za taa na redio, na pembeni tundu za USB za volti 5 za simu. Mtoto wa kijiji kisicho na gridi anaweza kuwa na chanzo bora cha majaribio kuliko mwenzake wa mjini. Walimu wa sayansi wanaolalamikia uhaba wa vifaa wangefaa kukiangalia kisanduku hicho upya.

Jina moja, dhana tatu

Sasa suala la jina. Neno "adapta" katika Kiswahili cha leo lina maana mbili kuu. Kwanza ni kibadilisha plagi. Maana hii ina nguvu hasa mipakani, kwa sababu kanda imerithi mifumo miwili. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu bapa, ile ya kiwango cha BS 1363 kilichochapishwa mwaka 1947. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi pini za duara za bara la Ulaya. Anayevuka Gatuna na simu yake anajua adapta ni nini, na hana haja ya kujua volti. Pili ni ugavi wa umeme wa nje. Maana hizi zikikaa pamoja bila kivumishi hazina madhara makubwa. Kivumishi "ya volteji mbili" ndicho kinachozivuruga.

Maneno ya Kiingereza yanayofasiriwa hivyo, "dual voltage", yalienea kupitia lebo za vifaa vya safari na zile za kompyuta za mezani, ambazo kwa nyuma zilikuwa na swichi nyekundu ya 115 na 230. Hapo mbili zilimaanisha volteji za kupokea. Watu wa kanda hii walijifunza maana hiyo kwa gharama: swichi iliyoachwa kwenye 115 ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 au 240 huzaa mlio na moshi, na vifaa vilivyotumika kutoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, vilitoa somo lilelile. Ni sawa basi kwamba muuzaji akisikia volteji mbili afikirie upande wa ukutani. Ameelimishwa hivyo na moto.

Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huu. Kina vitenzi vinavyotenganisha pande za kifaa bila shida: kupokea na kutoa. Kina pia njia ya kuonyesha uwezekano na hiari, na njia ya kuonyesha upamoja. Adapta ya safari ni adapta "inayopokea volteji mbili". Ya swichi ni "yenye volteji ya kuchagua". Ile ya mwanafunzi ni "inayotoa volteji mbili kwa pamoja". Misemo hiyo ni mirefu kuliko neno moja, na wapo wanaistilahi watakaopendelea neno jipya la kupendeza. Uzoefu wa kanda unaonyesha kwamba neno jipya lisilojulikana sokoni hubaki katika orodha, ilhali msemo unaoeleweka mara ya kwanza huweza kuandikwa kwenye karatasi ya bei kesho asubuhi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwapo tangu mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo zililenga darasa. Lebo na duka vilibaki nje.

Hapo ndipo wajibu wa washauri wa sera unapoanza. Adapta zinazoingia kanda hii huandikwa kwa Kiingereza na mara nyingi Kichina: INPUT, OUTPUT, kisha tarakimu. Mashirika ya viwango ya nchi wanachama hukagua usalama wa bidhaa. Maneno mawili "hupokea" na "hutoa" yakiongezwa kwenye lebo hayana gharama ya maana kwa mtengenezaji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo inayofaa kuyapendekeza kwa pamoja, kwa kuwa bidhaa moja huuzwa Mwanza, Kampala na Bukavu. Likiachwa kwa kila nchi litazaa lebo tatu kwa kifaa kimoja.

Suala la "chaja" ni gumu zaidi. Neno hilo limemeza karibu kila kitu kinachochomekwa na kuwa na waya, hata kisipochaji betri yoyote. Watu husema chaja ya ruta, chaja ya dekoda, chaja ya kamera. Ruta ya kawaida haina betri, haichajiwi. Lakini "chaja" haijibebei tarakimu, na hilo ndilo jambo lililopotea tangu enzi ya mawe. Mwenye redio ya mawe sita hakuweza kuinunulia adapta bila kutaja sita. Mwenye ruta huomba chaja ya ruta na kuamini kwamba pini ikiingia umeme utakuwa sawa, ilhali kuna ruta za volti 5, 9 na 12 zenye pini ileile. Kuingia kwa pini kumechukua nafasi ya hesabu.

Chaja inayojadiliana

Umoja wa Ulaya, kwa Agizo namba 2022/2380, uliamuru simu na vifaa vingine vidogo vitumie kiunganishi cha USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Soko la Ulaya ni kubwa, hivyo bidhaa za kanda hii zinafuata. Kiunganishi hicho huambatana na utaratibu ambao chaja na kifaa huulizana kabla ya umeme mkubwa kutoka: kifaa husema kinahitaji nini, chaja husema inaweza nini, nazo hukubaliana. Volteji za msingi za utaratibu huo kwa sasa ni 5, 9, 15 na 20. Kumi na mbili, iliyokuwamo katika toleo la kwanza la mwaka 2012, iliondolewa katika orodha ya lazima, ingawa baadhi ya watengenezaji huiongeza kwa hiari yao. Na kila tundu hutoa volteji moja tu kwa wakati.

Kwa hiyo chaja ya USB-C yenye wati 65 ina volteji nne ndani yake na bado haimfai mwanafunzi wa bustani moja kwa moja. Bila kidhibiti kuomba, itampa volti 5. Akiiwekea kijibao kidogo cha kuombea volti 15, atapata 15, kisha atazishusha kwa moduli mbili, moja hadi 12 kwa pampu na nyingine hadi 5 kwa kidhibiti chake. Mafundi wa Kiingereza huyaita mazungumzo hayo ya chaja kwa neno la kibiashara la kujadiliana bei. Kiswahili cha sokoni kina neno la kazi hiyo tangu zamani, nalo ni kupatana. Na katika lebo ya chaja ambayo haijaandikwa bado, "volteji za kupatana: 5, 9, 15, 20" ingesomeka na mama anayeuza chaja hizo kando ya barabara bila kuhitaji kamusi.